Je, mstari mmoja wa Biblia kwenye simu unatosha kuitwa ahadi yangu?

Mama Mlezi (swali)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaongoza kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia, na kuna jambo linalonisumbua ambalo nimeona nililete mbele yenu, ili wenye ujuzi wa Maandiko na uzoefu wa kulea watu kiroho wanisaidie. Karibu kila kijana katika kikundi chetu hupokea mstari wa siku kwenye simu yake, ukiwa umeandikwa kwa herufi za kupendeza juu ya picha ya mlima au ya jua linalochomoza, naye huuweka kwenye stetasi ili wenzake nao wausome. Desturi hiyo siilaumu, kwa sababu ni afadhali kijana aanze siku yake na neno la Mungu kuliko aianze na matusi na masengenyo yaliyojaa mitandaoni. Shida huonekana tunapokutana. Nikiuliza mstari huo ulisemwa na nani, ulisemwa kwa akina nani, na watu hao walikuwa katika hali gani, wote hunyamaza. Wanajua mistari mingi, lakini hawajui kitabu hata kimoja.

Ninayoyaandika si mambo ya nadharia. Kijana mmoja, tena mwenye bidii kuliko wengi, alijishikiza kwenye Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Aliubandika ukutani na kuuombea kila siku wakati akisubiri kujibiwa kuhusu nafasi ya masomo. Nafasi hiyo hakuipata. Hakugombana na mtu yeyote. Aliacha tu kuja. Nilipomtembelea, aliniambia kwa utulivu kwamba ama Mungu hakumaanisha alichokisema, ama hakukisema kwake yeye, na kwamba kwa vyovyote vile haoni sababu ya kuendelea kuomba.

Kwa hiyo nauliza: je, Mkristo wa leo ana haki ya kuuchukua mstari kama huo na kuudai kuwa ahadi yake binafsi? Na nitawafundishaje hawa waliobaki kusoma kwa upana zaidi, bila kuwavunja moyo wala kuwafanya waone aibu kwa kile kidogo wanachokipenda?

Mwalimu wa Manabii

Mama Mlezi, salamu katika Kristo. Kijana wako amesema jambo zito kuliko anavyodhani, na sehemu yake ni kweli: maneno yale hayakusemwa kwake kwanza. Naomba univumilie nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu katika sura hii habari yenyewe ndiyo jibu.

Yeremia 29 ni barua. Nabii alikuwa bado Yerusalemu, naye aliipeleka Babeli kwa mkono wa wajumbe wa mfalme Sedekia, iwafikie watu waliokwisha kuchukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, yapata miaka kumi kabla Yerusalemu yenyewe haijateketezwa. Watu hao walitaka kujua jambo moja kuliko yote, yaani watarudi lini, na sura inayotangulia inaonyesha kwamba jibu tamu lilikuwa limekwisha kutolewa. Nabii aitwaye Hanania alisimama hekaluni akatangaza, tena kwa jina la Bwana, kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu, mfalme na mateka wote watarudishwa. Yeremia hakumkemea papo hapo. Alisema, “Amina, BWANA atende hivi,” kwa maana naye alitamani iwe hivyo, ila akaongeza kwamba nabii atabiriye amani hutambulika neno lake linapotimia. Hanania alikufa mwaka uleule.

Ndipo barua ilipofika, na mambo iliyowaambia mateka yalikuwa magumu kuyapokea. Haikutaja miaka miwili, ilitaja miaka sabini. Iliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, wazae watoto na kuwaoza watoto hao, na kuuombea amani mji uleule uliowateka, kwa kuwa katika amani ya mji huo wao nao watapata amani. Iliwaonya wasiwasikilize manabii walio kati yao. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa vema kwamba yeye atazikwa Babeli, na kwamba watakaorudi ni wanawe au wajukuu wake. Baada ya hayo yote ndipo yanapokuja maneno ambayo vijana wako wanayajua.

Ukiyasoma mahali yalipo, utaona kwamba mstari wa 11 ulitolewa kinyume kabisa cha tumaini la aina ile ambayo siku hizi tunaitundika juu yake. Waliotaka jambo lao litimie haraka walikuwa tayari na nabii wao, naye ni Hanania. Mungu wa Yeremia aliwaambia kwamba hajawasahau, kwamba uhamisho wao uko ndani ya mkono wake na una mwisho, na kwamba wakati huo wote wanapaswa kuishi maisha kamili mahali ambapo hawakupachagua. Uchungu wangu, na nausema waziwazi, ni kwamba mara nyingi tunawafundisha vijana wetu ujumbe wa Hanania kwa kutumia maneno ya Yeremia.

Je, ahadi hiyo inatuhusu? Naamini inatuhusu, lakini tunaifikia kwa kupitia njia yake. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu, katika Kristo, ni Ndiyo, na mtu aliye ndani ya Kristo ameingizwa katika historia ya watu wale waliopelekwa Babeli. Anaweza kuomba akitumia sura ile. Anachokipokea humo ni uhakika wa tabia ya Mungu, aliyewakumbuka watu wake hata pale alipokuwa amewaadhibu. Hapokei tarehe ya jambo lake kutimia wala jina la chuo. Mwambie kijana huyo kwamba barua ile ina neno kwa mtu ambaye mlango alioutaka umefungwa, na kwamba linapatikana katika mstari wa 5 hadi wa 7, ambako hakuna aliyemwelekeza.

Mwana Kwaya

Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa heshima, wala sina la kuyapinga kuhusu Yeremia. Hata hivyo naogopa tusije tukafika mahali ambapo mkristo asiyejua miaka ya wafalme ataogopa kuufungua moyo wake mbele ya mstari mmoja. Mungu ametumia mstari mmoja mara nyingi sana. Mwaka 386, Augustino, aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, akiwa katika bustani huko Milan, alisikia sauti ya mtoto ikirudia kusema “chukua, usome”, akafungua Waraka kwa Warumi na kusoma pale macho yake yalipotua, katika sura ya 13, na maisha yake yakageuka. Kabla yake, Antoni wa Misri, aliyekuja kuwa mtawa mashuhuri, aliingia kanisani ikisomwa habari ya kijana tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo na kuwapa maskini, akatoka na kufanya hivyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa asubiri kwanza mpaka aelewe muktadha.

Tena Maandiko yenyewe yanatuagiza tuyashike kwa vipande vidogo. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaamuru maneno ya Mungu yafungwe mkononi na kuandikwa katika miimo ya mlango, na mwimo haubebi kitabu kizima. Mtunga Zaburi anasema, “Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi.” Bwana wetu, alipojaribiwa nyikani, alijibu mara tatu, na kila mara kwa mstari mmoja. Waumini wengi sana katika historia ya Kanisa hawakujua kusoma, wakaishi na kufa kwa imani wakiwa na mistari michache waliyoisikia na zaburi walizoziimba. Sisi wa kwaya tunalijua hili: mtu akiwa kitandani hawezi tena kusoma, hubaki na ule mstari aliouimba. Tusimnyang'anye.

Mama Mlezi

Nawashukuru nyote wawili, na ninakiri kwamba maneno ya Mwana Kwaya yamenigusa, kwa sababu naujua uzuri wa mstari ulioingia moyoni. Lakini naomba kuuliza zaidi. Ikiwa Mungu aliweza kumgeuza Augustino kwa mstari uliofunguliwa bila kupangwa, kwa nini mstari wa kijana wangu ulimwacha mikono mitupu? Tofauti iko kwa mtu, iko kwa mstari, au iko katika namna ya kuupokea?

Mhudumu wa Wagonjwa

Mama, kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kuomba pamoja nao, na swali lako la mwisho ndilo ninalokutana nalo kila mara kando ya vitanda. Naomba nianze na mifano ya ndugu Mwana Kwaya mwenyewe, kwa kuwa ni mizuri, ila inasema zaidi ya alivyoitumia.

Augustino hakuwa mgeni wa nyaraka za Paulo siku ile bustanini. Alikuwa amekwisha kuzisoma kwa bidii, na kitabu alichokifungua kilikuwa pale kwa sababu alikuwa akikisoma. Halafu tazama alichokisoma: kuacha ulafi na ulevi, ufisadi na uasherati, ugomvi na wivu, na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Antoni naye alisikia amri ya kuuza mali. Mistari iliyowageuza watu hao iliwadai jambo, tena jambo lilelile ambalo wasingependa kudaiwa. Sasa linganisha na mistari inayozunguka kwenye simu zetu. Ni wapi umewahi kuona picha ya machweo yenye maneno ya Wafilipi 1:29, kwamba tumepewa kwa ajili ya Kristo, “si kumwamini tu, ila na kuteswa kwa ajili yake”? Ni nani anayewatumia rafiki zake asubuhi mwisho wa Zaburi ya 88, ambayo inamalizika gizani bila neno la faraja hata moja?

Hapa ndipo utamaduni wa wakati wetu unapoingia, na mimi sidhani kwamba kosa ni la simu. Mitandao imejengwa kukuza kile kinachopendwa na kusambazwa, na kinachopendwa na kusambazwa ni kile kinachomwambia msomaji kwamba mambo yake yatamnyokea. Mstari unaoliwaza husambaa, na unaokemea au kuomboleza hubaki kitabuni. Kwa hiyo kijana anayeijua Biblia kwa njia ya mistari ya siku peke yake anapokea Biblia ambayo imekwisha kuchujwa na matakwa ya watu wengi asiowajua, naye hajui kwamba imechujwa. Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu watakaojipatia walimu makundi makundi kwa kuzifuata nia zao wenyewe. Zamani ilibidi walimu hao watafutwe. Siku hizi wanakuja wenyewe mfukoni.

Nitoe mfano mmoja ninaoukuta mara nyingi. Ayubu 8:7 huandikwa kwenye kadi, kwenye matangazo ya biashara mpya na kwenye salamu za mahafali: “Na ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana.” Aliyeyasema maneno hayo ni Bildadi, mmoja wa rafiki wa Ayubu, na aliyasema kwa Ayubu huyo aliyekuwa ameketi majivuni baada ya kuzika watoto wake wote. Mistari michache kabla ya hapo alikuwa amemwambia baba huyo kwamba huenda watoto wake walikufa kwa makosa yao. Faraja aliyoitoa ilikuwa na sharti ndani yake: kama ungekuwa safi na mwelekevu, Mungu angekufanikisha. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anamwambia Elifazi, rafiki mwingine wa Ayubu, kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari za Mungu kama alivyonena Ayubu, yule aliyelalamika.

Sisemi kwamba kila neno la rafiki wale ni uongo, maana Paulo mwenyewe anapowaandikia Wakorintho ananukuu maneno ya Elifazi, kwamba Mungu huwanasa wenye hekima katika hila yao. Jambo hili linahitaji uangalifu. Lakini nimekaa na mgonjwa aliyetumiwa mstari wa Bildadi na ndugu zake wa imani, akabaki akijiuliza ni kosa gani amelitenda hata mwisho wake usiongezeke. Ndugu hao walimpenda. Walichokikosa ni kujua ni nani aliyekuwa akisema.

Kuhusu kijana wako, Mama, nadhani imani yake haikuwa haba. Alipewa sehemu ile tu ya Biblia inayozungumza na mtu anayesubiri kufanikiwa, na alipokosa kufanikiwa hakuwa na andiko lolote la kuomba nalo. Hakuna aliyemwonyesha Habakuki anayemuuliza Mungu atalia hata lini asisikiwe. Hakujua kwamba Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Alidhani kwamba hasira yake na maswali yake yanamtoa nje ya Maandiko, kumbe sehemu kubwa ya Zaburi imeandikwa na watu waliokuwa pale alipo yeye. Ningekuwa wewe, nisingeanza kwa kumfafanulia Yeremia. Ningemwomba tusome pamoja Zaburi ya 13, ambayo ni fupi, halafu ningemwacha aseme.

Mwana Kwaya

Ndugu Mhudumu, nimekuelewa, na kuhusu Ayubu umenifungua macho. Nabaki na neno langu moja: mstari ubaki. Ila nakubali kwamba kuna tofauti kati ya mtu aliyeubeba mstari kutoka katika zaburi aliyoiimba yote, na mtu aliyeletewa mstari huo peke yake. Hata shetani alinukuu Zaburi ya 91 kule nyikani, na Bwana alimjibu kwa andiko lingine, akianza na maneno “Tena imeandikwa.” Nadhani vijana wanahitaji kufundishwa hilo neno “tena”.

Mwalimu wa Manabii

Mwana Kwaya ameniongoza mahali nilipotaka kwenda. Mistari mitatu ambayo Bwana aliijibia nyikani yote imetoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, sehemu inayozungumzia miaka arobaini ya Israeli jangwani. Yeye alikuwa jangwani siku arobaini, na aliyajibu majaribu yale kwa maneno yaliyosemwa kuhusu majaribu yaleyale ambayo Israeli walishindwa. Kila mstari wake mmoja ulikuja na sura nzima nyuma yake.

Kwa upande wa utendaji, Mama, hili ndilo ambalo ningelifanya na kikundi. Nyaraka za mitume ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya kusanyiko. Paulo anawaapisha Wathesalonike kwamba waraka wake usomwe kwa ndugu wote, na anawaagiza Wakolosai wabadilishane waraka wao na ule wa Laodikia. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 13 na Stephen Langton, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitokea katika chapa ya mchapishaji Robert Estienne ya mwaka 1551. Namba hizo ni msaada mkubwa wa kutafutia mahali, lakini Wafilipi wa kwanza hawakuwa na 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Walisikia waraka mzima.

Basi wasomee waraka huo mzima. Una sura nne tu, na msomaji asiye na haraka huumaliza katika muda ambao vijana huutumia kusubiri wenzao wafike. Usieleze chochote kabla. Acha wasikie kwamba mwandishi yuko kifungoni, kwamba hajui kama ataishi au atakufa, kwamba Epafrodito aliyeletwa kumhudumia aliugua karibu na kufa. Watakapofika sura ya 4 na kumsikia akisema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, kwamba anajua kudhiliwa na anajua kufanikiwa, kushiba na kuona njaa, mwulize kila mmoja “mambo yote” ya mstari wa 13 ni yapi. Hutahitaji kumwaibisha mtu. Wataliona wenyewe, na mstari wanaoupenda watarudi nao nyumbani ukiwa na uzito zaidi kuliko walipokuja nao.

Kuhusu mstari wa siku, usiwakataze. Waombe tu kwamba kabla ya kuutuma, wafungue sura yake, jambo ambalo kwenye programu ya Biblia ni kugusa kioo mara moja, kisha wamjibu yule towashi wa Kushi katika Matendo 8. Alikuwa akisoma Isaya garini mwake, akamwuliza Filipo kama nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine. Filipo hakumwambia kwamba swali hilo ni la wasomi. Alianzia andiko lilelile, akamhubiri habari njema za Yesu.

Mama Mlezi

Mungu awabariki. Tutaanza na Wafilipi katika mkutano ujao, na nimemwomba Mwana Kwaya, ikiwa ataridhia, anitumie zaburi za maombolezo zinazoimbwa, kwa sababu vijana wetu hawana wimbo wowote wa namna hiyo. Kwa kijana aliyeondoka nitakwenda peke yangu, nikiwa na Zaburi ya 13, na sitamwalika arudi siku hiyohiyo. Mhudumu wa Wagonjwa, ningependa kujua jambo moja zaidi: baada ya kuisoma, unakaa kimya kwa muda gani kabla hujaomba?

Mhudumu wa Wagonjwa

Mpaka yeye aseme, Mama. Asiposema, namwomba ruhusa ya kuisoma tena, safari hii polepole, nikisimama mwishoni mwa mstari wa 4, kabla zaburi haijageuka kuwa ya matumaini. Wengine hawako tayari kuupokea mstari wa 5 siku ya kwanza, nami huwaachia waufikie siku nyingine. Rafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na hiyo ndiyo sehemu ya huduma yao ambayo naiiga bila wasiwasi.